Kiroba cha Ufuta Nilichokiacha Ruangwa

Ndugu zangu wa stoo, mmeniuliza kwa zamu na kila mmoja nimempa kipande chake cha habari, mpaka sasa vipande vyenyewe vinagongana. Juma anaamini nilikamatwa. Mama Salma wa kantini anaamini nimeoa. Naandika yote hapa mara moja. Anayetaka asome, asiyetaka aendelee kuamini anachoamini.

Mnanijua. Miaka kumi na tisa nimekaa mlangoni nikifungua mifuko ya watu. Nimekuta sabuni ndani ya soksi na bawaba za milango chini ya wali kwenye hotipoti. Kazi kama hiyo ikishakuingia, huiachi getini ukitoka jioni. Unakwenda nayo nyumbani, msikitini, harusini.

Mwezi wa kwanza mdogo wangu Somoe alinipigia simu kutoka Nambilanje, wilaya ya Ruangwa. Nyumba yake imeungua. Jirani alikuwa anachoma majani shambani kabla ya kulima, upepo ukageuka, moto ukapanda kwenye paa la nyasi. Somoe mwenyewe alikuwa kisimani na hakuna aliyeumia, lakini cherehani iliyokuwa ikimlisha tangu mumewe afariki ilibaki chuma cheusi. Nikatafuta cherehani nyingine, ya miguu, iliyotumika kidogo. Niliipeleka kwa mafundi watatu tofauti waikague, kila mmoja bila kumwambia kuhusu mwenzake. Nikaomba ruhusa ya siku sita.

Mbagala hadi Nachingwea

Miguu ya cherehani ilikwenda kwenye buti la basi. Kichwa chake nilikitia kwenye boksi nikakipakata. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mama wa makamo, mwili mkubwa na sauti ndogo, na kikapu kati ya miguu.

"Naitwa Mama Fidea," alisema hata Vikindu hatujafika. "Nakwenda nyumbani, Nachingwea. Na wewe kaka?"

"Huko huko."

"Umebeba nini kizito hivyo?"

"Betri ya gari."

Jina langu sikumwambia. Mnakumbuka yule dereva wetu wa forklifti aliyekaribishwa juisi kwenye basi la Tanga, akaja kuzinduka hana simu wala viatu. Mimi sikumsahau hata kilomita moja ya safari ile.

Tulipofika Kibiti akamenya chungwa, akanikatia nusu. Nikamwambia nimefunga. Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo uongo wenyewe ulikaa vizuri. Akasema, "Basi Mungu aipokee," akageukia dirishani akala akiwa amenipa mgongo, asije akanitamanisha. Nikaona huyu kabobea.

Nangurukuru abiria wote walishuka kula. Mimi nilibaki na boksi langu. Aliporudi alinishika mkononi kifurushi cha gazeti, chapati mbili na kipande cha samaki wa kukaanga. "Za kufuturia," akasema. Nikashukuru, nikakisukuma chini ya kiti nikiwa nimeshaamua kwamba hakitafika mdomoni mwangu.

Sasa saa nane jua liliingia upande wetu. Koo likakauka. Nikajisahau kabisa, nikatoa chupa ya maji kwenye begi nikapiga nusu kwa mkupuo. Nilipoishusha nikakuta Mama Fidea ananitazama.

"Funga yako ina maji, kaka?"

Nilifunga kizibo polepole, kama vile kizibo ndicho chenye tatizo.

"Unaniogopa," akasema. "Sema tu. Hata mimi ningekuwa wewe ningejiogopa. Mtu hakujui, tangu asubuhi anahangaika kukulisha." Akacheka, tumbo likatikisika pamoja na kikapu. "Kula bwana. Hicho kifurushi kimefungwa na muuzaji, mimi nimekibeba tu."

Njaa ikasaidiana na aibu. Nikala samaki mpaka miiba. Na kwa kuwa mtu akishashiba hawezi tena kuwa mkali, nikamwambia kwamba kwenye boksi hakuna betri. Nikamweleza habari za Somoe, moto na cherehani. Hakuuliza kitu. Alitazama dirishani mpaka tulipopita Mtama.

Tulifika Nachingwea jua linakaribia kuzama. Kabla ya kushuka akapekua kikapuni, akatoa doti ya khanga, mpya, bado ina gundi ya dukani.

"Mpelekee dada yako."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito. "Si nyumba yake imeungua?"

Akanielekeza mgahawa wake nyuma ya stendi, akaniachia na namba ya simu, akaenda zake. Gesti, nilifunga mlango, nikaikunjua ile khanga kitandani, nikapapasa pindo hadi pindo, nikanusa. Ilikuwa khanga. Hilo halikunituliza. Niliona tu kwamba sijatafuta vya kutosha.

Nachingwea, siku ambayo haikuwemo

Asubuhi nikaambiwa hakuna gari la Ruangwa. Mvua imenyesha, maji yamefunika kidaraja huko mbele, tusubiri yapungue. Yatapungua lini? Kesho labda. Kwa kuwa nilikuwa sijui mtu mwingine mji mzima, nikaenda kwenye mgahawa wa Mama Fidea na mizigo yangu yote.

Nilikuwa sijakaa vizuri nikasikia: "Ndiye huyu sasa! Kaka mwenye cherehani."

Watu kama saba wakageuka. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Nyinyi mnajua kanuni ya kwanza ya mzigo, asiyehusika asijue ndani mna nini. Nikalivuta boksi kati ya miguu nikalibana kwa visigino.

Aliniletea ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba kama vidole, vimechemshwa, unamenya unachovya chumvi. Nilikuwa namenya kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye boksi. Huku nikisikia Kimwera kikipita mezani huku na huku. Wazazi wangu ni Wamwera, lakini mimi nimelelewa Temeke. Somoe ndiye aliyekulia kwa bibi. Neno pekee nililolitambua katika mazungumzo yao lilikuwa "cherehani", na lilirudi mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Haikupita saa moja, mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akaondoka, akarudi na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Akaiweka mbele yangu. "Ya kuchotea maji. Yake si imeungua?" Baadaye mwalimu mstaafu akaleta sahani sita za bati zilizofungwa kwenye taulo. Kisha likaja blanketi, limefuliwa, lina kiraka kimoja.

Nikamfuata Mama Fidea jikoni. "Umewaambia nini watu hawa?"

"Nimewaambia mimi nimetoa khanga."

"Na ukawaomba nao watoe?"

"Sikumwomba mtu." Alikuwa anakoroga kisamvu, hakugeuka. "Nimesema nimetoa khanga, basi. Kila mtu ana masikio yake."

Sikumwamini. Nikarudi mezani, nikaanza kuandika kwenye karatasi nani kaleta nini na saa ngapi, kama tunavyofanya zamu ya kupokea. Nilitaka siku polisi wakiuliza, niwe na majibu.

Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba, kofia ya kufuma, kaptula iliyopauka kwa jua. Alikuwa amekaa kwenye kona moja tangu asubuhi na chai moja. Alitoka Lionja kuja kuuza mbegu za ufuta, viroba viwili. Alimuuliza Mama Fidea jambo kwa Kimwera, akajibiwa, akarudia chai yake. Halafu akainuka, akaja na kiroba kimoja, ukubwa wa mto wa kulalia, akakilaza juu ya meza yangu. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nailoni, mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mpelekee huyo dada."

"Ni nini?"

"Ufuta. Mbegu."

"Unamfahamu dada yangu?"

"Simfahamu."

"Sasa kwa nini unampa?"

Kiswahili kilikuwa kinamjia taratibu, neno moja moja, na kila neno alilipima. "Mwaka ule tembo waliingia kwangu. Walimaliza shamba. Mtu mmoja alipita, mtu wa upande wa Ruangwa. Alinipa mbegu. Jina sikumuuliza." Akafikiri kidogo. "Basi."

Akabeba kiroba kilichobaki, akatoka.

Mimi nikabaki nautazama ule mshono. Chochote kilichoshonwa mara mbili kina sababu ya kushonwa mara mbili. Na kati ya ndoo, sahani, blanketi na kiroba, kimoja tu ndicho nilichokuwa sioni ndani yake. Nikakumbuka habari za watu wanaobebeshwa bangi bila kujua. Nikakumbuka kwamba wote wamekwisha kujua ninaelekea wapi na lini. Usiku ule sikulala usingizi wa maana.

Nachingwea hadi Ruangwa

Kesho yake maji yalipungua na gari dogo la Noah likatupakia. Mashamba ya mikorosho pande zote mbili, udongo mwekundu umelowa, na watu wameinama wanapanda kila mahali. Mimi nilikuwa natazama kiroba tu, kilichokuwa miguuni pangu kikinigusa kila gari lilipoyumba.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari akachungulia ndani.

"Kiroba hiki cha nani?"

Dereva akaninyooshea kidole.

"Nimepewa," nikasema.

Ndugu zangu, hilo ndilo jibu walilonipa wezi wote niliowahi kuwakamata. Nimelisikia mpaka nimelichoka, na sasa lilikuwa limetoka kinywani mwangu kwa sauti ile ile yao. Askari akakibonyeza kiroba kwa kidole, akanitazama usoni, kisha gari la nyuma likapiga honi na akatupungia tupite. Jasho lilinitoka mpaka Ruangwa.

Stendi ya Ruangwa nilishusha mizigo nikaipanga ukutani. Wanaume wawili wakasimama karibu, wakaitazama, wakaanza kubishana kwa Kimwera, mmoja akininyooshea kidevu. Nilikuwa nimeshachagua nitakimbilia wapi, mmoja wao alipoinama akakamata miguu ya cherehani. Nikarukia upande wa pili. Yeye akavuta, mimi nikavuta.

Dereva wa Noah ndiye aliyetuachanisha. "Mzee, waachie! Wanabishana nani akubebee. Huyu anamwambia mwenzake asiguse, ana mgongo mbovu."

Yule niliyevutana naye alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, anaitwa Costa, ana pikapu ya kupeleka bidhaa za maduka Nambilanje. "Usipaniki mzee wangu," akasema, akajipangusa mikono. "Hata mimi ningekaza."

Alipokwenda kuleta pikapu yake, nikafanya nilichokifanya. Jirani na pale palikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, barazani kumerundikwa matairi chakavu. Hakukuwa na mtu nje. Nikakibeba kiroba, nikakisimamisha nyuma ya matairi, mdomo juu, kwa adabu, kama mtu anayeacha mtoto mlangoni pa watu. Nikarudi kwenye mizigo. Ilikuwa mara ya kwanza siku mbili hizo kifua changu kupanuka.

Ruangwa hadi Nambilanje

Barabara ilikuwa mbaya. Tulikwama mara mbili, na mara zote mbili watu waliacha majembe yao wakaja kusukuma bila kuitwa. Mara ya pili mmoja wao alipigwa na tope lote la tairi la nyuma, kuanzia kifuani mpaka kwenye nyusi. Aliinua mkono kutuaga.

Somoe alikuwa amesimama barabarani. Amekonda. Khanga aliyovaa haikuwa yake, nilijua kwa jinsi alivyokuwa anaishikilia. Tulipoifunga cherehani kwenye miguu yake, aliinama akazungusha gurudumu, akasikiliza, akazungusha tena, akaweka paji la uso juu ya chuma akalia. Nilijifanya nakagua kamba za mizigo.

Alikuwa analala jikoni kwa jirani, Rashidi. Rashidi huyu ndiye aliyewasha ule moto. Alikuja kunisalimia akiwa ameshika kofia mkononi na sikumpa mkono. Nilishamfikiria tangu Dar. Kiwanja cha Somoe kinapakana na chake, na moto unaojua kuchagua nyumba ya mjane nausikia mara nyingi.

"Na ghala lake limeungua, kaka," Somoe alininong'oneza. "Lote. Usimtazame hivyo."

Kisha akaanza kupanga vitu, ndoo hapa, sahani hapa. Khanga aliikumbatia. Alipomaliza akaangalia tena ndani ya pikapu, akaangalia chini ya turubai.

"Kaka, katika hivi vyote hakuna mbegu?"

"Mbegu gani?"

"Za ufuta. Zangu zilikuwa darini. Madukani zimekwisha, nimetafuta mpaka Chunyu. Mvua ndiyo hizi, wiki hii isipopandwa mwaka umekwenda. Cherehani ni nzuri, lakini nani atashonesha nguo hapa kabla ya mavuno?" Akajaribu kucheka. "Kwenye simu nilishindwa kusema. Niliona cherehani tayari ni mzigo mkubwa kwako."

Nilikaa juu ya ndoo, juu ya mfuniko wake.

"Zipo," nikasema. "Zimebaki Ruangwa."

"Kwa nani?"

Miaka kumi na tisa swali hilo nimeliuliza mimi. Niligeuka nikamuuliza Costa kesho anarudi saa ngapi.

Kurudi Ruangwa

Alfajiri nilirudi na Costa. Njiani nikamweleza ukweli, kwa sababu alitaka kujua kwa nini mtu anarudi siku ya pili yake tu. Alisimamisha pikapu katikati ya barabara, akazima injini ili acheke vizuri.

Tulipofika pale dukani, kulikuwa na watu wamezunguka baraza. Kiroba kilikuwa katikati yao, peke yake, wamekiachia nafasi kama nyoka. Mwenye duka, mama wa makamo anayeitwa Mwajuma, alikuwa amekunja mikono kifuani. Mgambo alikuwa amesimama pembeni yake.

"Ndiye huyu!" Mwajuma akapiga kelele. "Nilimwona dirishani. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaweka, akakimbia. Mtu haachi mali halali akakimbia!"

Sentensi hiyo ni yangu. Nimeisema pale mlangoni kwetu, mbele yenu, sijui mara ngapi.

Mgambo akanisogelea. "Kiroba chako?"

"Changu. Yaani cha dada yangu."

"Kina nini?"

"Ufuta."

"Umeuona?"

"Sijauona."

"Umejuaje kama ni ufuta?"

"Niliambiwa na mzee aliyenipa."

"Anaitwa nani?"

"Simjui."

Watu wakaguna. Mmoja akasema kitu kwa Kimwera, na safari hii nilielewa bila kutafsiriwa.

"Mzee humjui, mzigo hujauona, na ukaukimbia," mgambo akasema. "Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekufunga kamba," nikamjibu. Ilinitoka tu.

Nikakumbuka namba ya Mama Fidea. Tukampigia, simu ikawekwa sauti kubwa juu ya tairi. Kwanza aliuliza kama nimekula. Kisha akaeleza kila kitu, basi, chapati, funga yenye maji, ndoo, sahani, mzee wa Lionja. Wale watu wakaanza kucheka kabla hajafika Mtama. Mgambo peke yake hakucheka. Alisema sheria ni sheria, akakata mshono kwa wembe, akamimina kwenye ungo.

Ulikuwa ufuta. Mweupe, umepepetwa, hauna jiwe wala ganda, kila punje kama imeoshwa. Mgambo aliingiza mkono ndani ya kiroba mpaka kiwiko, akautoa mtupu.

"Ulidhani ni nini?" Mwajuma akaniuliza, sasa kwa upole, na upole ndio ulionichoma.

"Bangi."

Akachukua punje chache kiganjani, akazigeuza geuza. "Ameshona mara mbili zisimwagike njiani," akasema. "Ufuta ni mdogo. Unatoka kwenye tundu la sindano."

Nilipiga magoti nikaanza kuokota punje zilizoanguka sakafuni. Hakuna aliyeniambia niache. Baada ya muda mgambo naye akachuchumaa, tukawa tunaokota wawili.

Mwajuma huwa anashona viti vya pikipiki. Alileta sindano yake nene, akakishona kiroba upya, mara mbili. Kisha akaingia ndani akatoka na nyuzi za cherehani, rangi tano. "Mwambie dada yako nilibakiza kidogo tu kumfungisha kaka yake." Mtu mmoja pale akasema Jumamosi atapita Nambilanje na fito za kuezekea, atamshushia Somoe mzigo mmoja. Nikasema moyoni huyu muongo. Mpaka leo fito hazijafika. Huyo sikukosea kumshuku.

Jioni ile, niliporudi Nambilanje, Somoe alifungua kiroba, akachukua bakuli, akaanza kupima, bakuli lake, bakuli la pembeni, bakuli lake, bakuli la pembeni. La pembeni lilikuwa linakwenda kwa Rashidi.

"Somoe! Mtu kakuchomea nyumba!"

"Na nalala jikoni kwake."

"Hizi mbegu nimezihangaikia. Nusura nilale rumande."

"Najua, kaka. Lakini zimeshafika mkononi mwangu." Hakuacha kupima. "Mwaka jana asingezihitaji. Mwaka huu anazihitaji. Nimsubirishe mpaka lini?"

Tulipanda siku mbili. Rashidi alipanda upande wake, akamaliza, akahamia upande wetu, akapanda mistari mingi kuliko mimi. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani na nikampa mkono. Siwaambii kwamba nimeacha kumshuku. Nilimpa mkono.

Lionja

Ruhusa ilikuwa imekwisha. Lakini Nachingwea, nilipokwenda kumuaga Mama Fidea, nilijikuta namuuliza jina la yule mzee. Mzee Chilumba. Nikanunua sukari, chumvi na mche wa sabuni, nikachukua bodaboda mpaka Lionja.

Mkewe ndiye aliyenikuta uani. Alitazama viatu vyangu, akatazama mfuko. "Wewe wa chama cha mazao?"

"Hapana, mama."

"Wa uchaguzi?"

"Hapana."

"Basi subiri hapo hapo," akasema, akaniacha juani, akaenda kumwita mumewe shambani.

Mzee Chilumba alikuja na tope mpaka magotini. Hakunitambua mpaka nilipotaja cherehani.

"Umezirudisha?" akauliza.

"Hapana mzee. Zimepandwa. Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru tu?" Akapokea mfuko wa sukari, akaufungua, akanusa, akamwonyesha mkewe naye anuse. "Unataka nini?"

Sikuweza kuudhika. Nikamweleza yote, kizuizi, matairi, mgambo na ungo. Nikamwambia nilidhani amenibebesha bangi. Alimtafsiria mkewe. Mkewe alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Mzee mwenyewe hakucheka. Alikuwa anakwangua tope mguuni kwa kijiti.

"Na mimi sikukuamini," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa unaandika andika karatasini. Macho yako mabaya. Nikasema huyu ataziuza, njiani hapo hapo."

"Sasa mzee, kama hukuniamini, kwa nini ulinipa?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile jambo lenyewe halikuwa na pande mbili.

"Ningempa nani mwingine? Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda."

Wingu lilikuwa limeshasimama upande wa magharibi na alikuwa na mistari ya kumaliza. Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili. Moja akanipa, nikavua viatu nikamfuata.